Uso umeisha, mikono imeisha, tumbo bado lipo

"Shikamoo daktari. Nina miaka 38 na watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne na nilijifungua kwa operesheni. Naishi Mbagala, kazi yangu iko Posta. Mwezi wa pili nilikuwa na kilo 86, leo ni mwezi wa nane nina 78. Nimeacha ugali kabisa, soda nimeacha, nakunywa juisi ya matunda tu, na sili chochote baada ya saa kumi na mbili jioni. Kila asubuhi napiga mazoezi ya tumbo mara mia, yale ya kulala chali na kunyanyuka, nafunga mkanda wa kupunguza tumbo na nakunywa maji ya moto yenye ndimu na tangawizi. Uso umeisha, mikono imeisha, mifupa ya shingo inaonekana. Ofisini wananiuliza kama naumwa, mama mkwe kaniita pembeni. Lakini tumbo liko palepale. Juzi kwenye daladala kijana kanipisha kiti akidhani nina mimba! Fundi kanipunguzia gauni kiunoni kutoka inchi 41 hadi 38 ila kwenye kioo sioni tofauti. Shoga yangu ananishauri ninunue chai ya kukata tumbo Kariakoo. Mwili wangu una tatizo gani? Niendelee au niache?"

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye mstari ambao wewe umeupita mbiombio: fundi kapunguza gauni inchi tatu. Inchi tatu ni sentimita saba na nusu hivi. Mizani yako imeshuka kilo 8. Mtu anayepungua kwa mwendo mzuri hupoteza kama sentimita moja ya kiuno kwa kila kilo, kwa hiyo kiuno chako kimekwenda bega kwa bega na mizani. Ungekuja kliniki na namba hizi bila neno lolote, ningekupongeza na kumwita mgonjwa anayefuata. Lakini umekuja na kioo, na kioo kinakuambia mambo mengine, basi tukae tuzungumze.

Unachohofia, kama nimekuelewa, ni kwamba jasho lako lote linaishia usoni na mikononi, na tumbo limekataa kwa sababu lina ugonjwa au ukaidi wake lenyewe. Katika yote uliyoyaandika sioni dalili kwamba mwili wako umeharibika. Yapo mambo mawili matatu ninayotaka uyakague kwa mikono yako, na moja au mawili ambayo nadhani unajikosesha mwenyewe bila kujua. Nitayafikia.

Kwanza ujue unashika nini. Simama, bana kwa vidole viwili pale chini ya kitovu. Kile kinachobanika ni ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake. Watu wa mjini wameyapa jina la nyama uzembe, jina ambalo silipendi hata kidogo, maana nimewahudumia wanawake wanaoamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua na bado wanayo. Chini ya mafuta hayo kuna ukuta wa misuli. Nyuma ya ukuta huo, mahali ambapo vidole vyako havifiki, kuna mafuta mengine yaliyojipanga kuzunguka utumbo na kuegemea ini. Haya hayabaniki. Yule mzee mwenye kitambi kigumu kama ngoma, ukikigonga kinaitika, mafuta yake mengi yako huko nyuma ya ukuta.

Mafuta ya nyuma ya ukuta ndiyo yenye madhara makubwa: yanaambatana na kisukari cha aina ya pili, presha, mafuta kwenye ini na magonjwa ya moyo. Na kwa bahati njema ndiyo yanayotangulia kuondoka mtu anapoanza kupungua. Ya nje, yale unayoyashika mbele ya kioo, husuasua. Kwa hiyo katika miezi yako sita sehemu nzuri ya kazi imefanyika ndani, gizani, na wewe umekaa unaangalia ukuta wa nje wa nyumba ukilalamika kwamba fundi hajaingia kazini.

Kwa nini ya nje yasuesue? Wakazi wa Dar mtanielewa nikitumia mgao wa maji. Maji yakikatika, nyumba yenye akiba huanza na ndoo za jikoni, zilizo karibu na rahisi kuchota. Simtanki la juu, lenye koki iliyoshika kutu, huguswa baadaye. Mafuta ni akiba ya namna hiyo. Kila seli ya mafuta ina koki zake, na zinazozigeuza ni homoni. Adrenalini, ambayo hupanda ukitembea kwa kasi, ukifanya mazoezi au ukikaa muda bila kula, hufika kwenye seli na kugusa vipokezi vya aina mbili. Aina moja, zinazoitwa beta, hufungua koki: mafuta yanavunjwa na kuingia kwenye damu yakatumike. Aina ya pili, alfa-2, hufanya kinyume, hukaza koki. Homoni ni ileile, jibu linategemea ni vipokezi gani vimejaa mahali hapo. Mafuta ya ndani yana mwelekeo wa beta. Mafuta ya chini ya ngozi, ya tumboni na zaidi ya nyonga na mapaja kwa sisi wanawake, yana alfa-2 kwa wingi. Ongeza na hili: damu inayopita humo ni kidogo kuliko inayopita kwenye mafuta ya ndani, hivyo hata yaliyofunguliwa yanasafirishwa polepole.

Juu ya yote kuna insulini. Hiyo hupanda tunapokula, hasa vyenye sukari na wanga, na ikiwa juu huziambia seli za mafuta zifunge. Hili ni jambo la kawaida na la heri. Bila insulini tusingeishi. Ila mtu anayemeza kitu kitamu kila baada ya saa mbili, juisi hapa, biskuti pale, anazifunga koki zake siku nzima. Shika neno juisi, nitarudi.

Sasa suala la uso na mifupa ya shingo. Fikiria tabaka la mafuta juu ya mtulinga lina unene wa milimita nne, na la tumboni lina sentimita nne. Punguza robo kila mahali. Shingoni zimebaki milimita tatu na mfupa umejitokeza, majirani wameshaanza kunong'ona. Tumboni zimebaki sentimita tatu, na sentimita tatu bado ni konzi kamili ya nyama. Robo ni ileile! Ukichota kikombe kimoja kwenye bakuli kila mtu anaona, ukichota vikombe kumi kwenye pipa hakuna anayeuliza. Nimetumia namba za mfano, lakini ndivyo inavyokwenda, na kwa mtu mwenye pipa kubwa tumboni hakuna njia ya kuzunguka hesabu hiyo.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: seli za mafuta hazifi unapopungua, zinasinyaa tu. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba idadi ya seli za mafuta kwa mtu mzima hubaki karibu ileile hata baada ya kupungua sana. Kama sehemu moja kati ya kumi hufa kila mwaka na nyingine huzaliwa kuchukua nafasi. Ndiyo maana tumbo lililowahi kujaa hujaa upesi tena mtu akirudia mwenendo wa zamani. Ghala halikubomolewa, limetolewa magunia tu.

Na magunia yenyewe hutokea wapi? Hapa huwa nawashangaza watu kliniki. Wengi hujibu jasho, wengine choo, wengine mkojo. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa Australia inaonyesha kwamba kilo 10 za mafuta zikitumika mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya ukaa, na 1.6 zilizobaki hugeuka maji. Unayapumua, dada. Ukiwa umekaa kwenye foleni ya Kilwa Road na madirisha ya daladala yamefungwa kwa mvua, sehemu ya tumbo la abiria mwenzako inapita hapo.

Nimelitaja hilo kwa sababu linatumalizia mjadala wa mkanda. Mkanda unakubana na kukutoa jasho. Ukiuvua kiuno kimelegea kidogo na ngozi imelowa, ukinywa glasi mbili za maji umerudi ulikokuwa. Mafuta hayayeyuki kwa joto la nje kama samli kwenye sufuria. Sisemi kwamba kufunga tumbo hakuna maana yoyote. Bibi zetu walipotukanda kwa maji ya moto na kutufunga kanga baada ya kujifungua walitupa egemeo, mgongo ukatulia na kidonda cha operesheni kikaacha kuvutwa kila ukikohoa. Hiyo ni faraja halali. Lakini miaka minne baadaye, mkanda unaobana hadi unashindwa kuvuta pumzi ndefu unakuongezea kiungulia tu.

Maji ya ndimu na tangawizi kunywa kama unayapenda. Yakikaa mahali pa chai ya vijiko vitatu vya sukari yamekusaidia, kwa sababu ya ile sukari ambayo hukuiweka. Kuyeyusha mafuta hayawezi.

Mazoezi ya tumbo mara mia kila asubuhi yananitia wasiwasi zaidi. Yanajenga msuli ulio chini ya mafuta, hayachagui mafuta yaliyo juu yake. Mwaka 1971 watafiti Marekani waliwapima wacheza tenisi, watu ambao mkono mmoja umefanya kazi maelfu ya saa kuliko mwingine. Mkono wa raketi ulikuwa na msuli mnene zaidi, lakini mafuta ya chini ya ngozi yalikuwa sawa pande zote mbili. Msuli unaofanya kazi unaagiza mafuta kutoka ghala kuu, haumkwapui jirani yake. Na kwako wewe, uliyebeba mimba tatu, kuna sababu ya ziada ya kuyasimamisha kwa sasa.

Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyayo chini. Weka vidole viwili juu ya kitovu, vikielekea miguuni. Sasa nyanyua kichwa na mabega kidogo, kama unayetaka kuona nani kaingia mlangoni. Unasikia nini chini ya vidole? Kama misuli ya kulia na kushoto inakutana na kuvisukuma vidole nje, vizuri. Kama vidole vinazama kwenye mfereji laini wenye upana wa vidole viwili na zaidi, au ukiona katikati ya tumbo pananyanyuka kama paa la banda, misuli yako iliachana wakati wa mimba na haijarudiana. Hali hii huwapata wanawake wengi sana na karibu hakuna anayewaambia. Tumbo la namna hiyo hujitokeza hasa jioni na baada ya kula, na linaweza kumfanya mwanamke mwembamba aonekane na mimba ya miezi mitano. Hakuna mlo utakaolirudisha, kwa sababu shida iko kwenye ukuta. Kunyanyuka mara mia kwa siku kunaweza kuusukuma ukuta huo nje zaidi. Dawa yake ni mtaalamu wa fiziotherapia, anayekufundisha kuvuta kitovu ndani ukitoa pumzi na kupanda hatua kwa hatua. Wachache, walioachana sana au wenye ngiri ya kitovu, huhitaji upasuaji. Nikisoma kisa chako cha daladala, hapa ndipo ninapoelekeza kidole kwanza.

Kuna pia ngozi iliyotanuka, na lile kunjo linaloning'inia juu ya kovu la operesheni. Sitakudanganya: ngozi ikishapoteza mvuto wake hujirudi kwa kiasi tu, na mafuta ya kujipaka hayaifanyi kitu cha maana. Kuna wanawake waliofika uzito mzuri kabisa na kunjo hilo wanalo. Wengine hulifanyia upasuaji, wengi huliacha na kununua nguo inayowakaa.

Tuje mezani. Umeacha ugali, ukaweka juisi. Nakuomba ubadilishane. Ugali wa ukubwa wa ngumi yako, dona ukiweza kulipata, na mboga ya majani nusu sahani, na kipande cha samaki au bakuli la maharage, ni chakula cha mtu anayepungua bila kuteseka. Tatizo la ugali wetu halijawahi kuwa ugali, ni mlima wake. Juisi, kwa upande mwingine, hata ikiwa ya matunda halisi na haina sukari ya kuongeza, ni machungwa matatu au manne yaliyovuliwa nyuzinyuzi na kumezwa kwa dakika moja. Huwezi kuyala yote kwa kukaa unamenya. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari ya mezani, na linashauri zote kwa pamoja zisizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, ikiwezekana nusu ya hapo, kama gramu 25. Soda ya chupa ya mililita 350 uliyoiacha ina gramu 35 na zaidi. Glasi kubwa ya juisi ya pasheni iliyotiwa sukari pale mgahawani haiko mbali na hapo. Kula tunda, kunywa maji.

Hukutaja mafuta ya kupikia, na asiyetaja huwa ndiye ninayemuuliza. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120. Angalia mkono wako unavyomimina kwenye mchicha: hiyo ni vijiko vitatu au sita? Mimi mwenyewe nilipopima kwa mara ya kwanza nilinyamaza. Pima kwa kijiko wiki moja tu, baada ya hapo jicho litazoea.

Kuhusu saa kumi na mbili, tumbo halina saa ya ukutani. Chakula cha saa mbili usiku hakigeuki kitambi kwa sababu jua limezama. Kinachohesabiwa ni jumla ya siku. Mtu akiacha kula usiku na akapungua, mara nyingi ni kwa sababu ameacha chipsi mayai za njiani. Ila wewe unatoka Posta jioni, unafika Mbagala saa mbili kasoro ukiwa na bahati. Maana yake unalala na njaa. Nina hamu ya kujua unakula nini saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Kama ni chapati mbili na supu kwa sababu mikono inatetemeka, kula chakula chako kidogo cha usiku kwa amani.

Na usingizi. Ukiamka saa kumi alfajiri kuwahi usafiri, na kulala saa tano baada ya vyombo na madaftari ya watoto, unalala saa tano tu. Kuna utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2010, mdogo, wa watu 10, lakini siusahau: walikula mlo uleule wa kupungua, wiki mbili wakipewa saa nane na nusu za kulala, wiki mbili nyingine saa tano na nusu. Uzito uliopungua ulikuwa karibu sawa, kilo tatu hivi. Waliponyimwa usingizi, sehemu iliyokuwa mafuta ilishuka kwa zaidi ya nusu, na iliyobaki ilikuwa zaidi misuli. Unaposema mikono imeisha, nauliza: imeishia mafuta, au imeishia misuli? Mazoezi mia ya tumbo badili kwa haya, mara mbili tatu kwa wiki: kaa na kunyanyuka kwenye kigoda bila kushika kitu, sukuma ukuta, nyanyua galoni mbili za lita tano zilizojaa maji, kila galoni ni kilo 5, hazina kiingilio cha jimu. Siku nyingine tembea kwa kasi hadi uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Dakika 150 kwa wiki ndicho kiwango cha chini cha WHO. Kutembea kwa namna hiyo hupunguza mafuta ya nyuma ya ukuta hata wiki ambazo mizani imegoma. Na kula dagaa, mayai, kunde, choroko kila mlo, misuli ipate cha kujishikia.

Mama mkwe. Hapa mjini mtu akikonda uso, watu hawamuulizi kama anafanya mazoezi, wanakwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa wanaouogopa. Nimeona wanawake wengi wakiacha safari kwenye kilo ya nane au ya tisa kwa sababu ya minong'ono, yaani wakati uleule ambapo ndoo za jikoni zimekwisha na simtanki ndiyo kwanza linaanza kuguswa. Mwambie mama unapunguza kwa ajili ya presha, neno presha huheshimika, na umwombe akupikie maharage. Ukitaka kujituliza mwenyewe, pima afya yako yote siku moja, ujue, uishi.

Chai ya Kariakoo usinunue. Nyingi zina sena, jani la kuharisha: unapoteza maji na chumvi, mizani inashuka kilo siku mbili, mafuta yako palepale, na ukizoea utumbo unakuwa mvivu. Hizo ndizo za afadhali. Bidhaa za kupunguza uzito zimekuwa zikikamatwa nchi mbalimbali zikiwa zimechanganywa kisirisiri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kama pakiti haina namba ya usajili, au muuzaji anasema ni mitishamba tupu lakini moyo wako unadunda na usingizi umekimbia, itupe.

Zipo njia za hospitali. Sindano kama semaglutidi zinapunguza uzito kweli, na tumbo pamoja nao. Zina gharama, zina kichefuchefu, na wengi wakiziacha sehemu kubwa ya uzito hurudi. WHO ilitoa tahadhari mwaka 2024 kuhusu semaglutidi bandia, kwa hiyo za kununua kwa mtu wa simu hapana kabisa. Kwa mwenye kisukari au uzito uliopindukia, akisimamiwa na daktari, ninaziunga mkono. Kunyonya mafuta kwa mashine kunaondoa yale ya nje tu. Mwaka 2004 watafiti Marekani walifuatilia wanawake 15 walionyonywa kama kilo 10 kila mmoja. Wiki kadhaa baadaye vipimo vyao vya sukari, presha na mafuta ya damu havikuwa vimebadilika. Ni upasuaji wa umbo. Anayeutaka kwa ajili ya umbo, na anajua hivyo, simhukumu.

Uliuliza uendelee au uache. Endelea. Kupungua asilimia 9 ya uzito, kama ulivyofanya, kunatosha kushusha presha na sukari kwa watu wengi. Lakini inchi 38 ni karibu sentimita 97, na kwa mwanamke hatari huanza kupanda kwenye 80 na huwa kubwa kuanzia 88, kwa hiyo bado kuna njia. Ila kipimo cha fundi kina nafasi ya kupumulia, na hupima pale gauni linapokaa. Nunua utepe wako. Tafuta ubavu wa mwisho, tafuta ncha ya mfupa wa nyonga, pita katikati yake, utepe ulale sawa pande zote, toa pumzi kawaida bila kujibana, soma. Jumapili asubuhi kabla ya chai, mara moja kila wiki mbili, andika ukutani nyuma ya mlango kama unavyoandika urefu wa watoto.

Sasa yale yanayokutaka uende hospitali bila kusubiri utepe. Kwanza, kwa umri wako, kipimo cha mimba. Usicheke, kijana wa daladala anaweza kuwa na jicho. Tumbo linaloongezeka huku mwili mwingine ukikonda. Uvimbe mgumu unaoushika juu ya kinena, hedhi nzito zenye mabonge, au kukojoa mara kwa mara: faibroidi, yaani vivimbe vya kwenye mfuko wa uzazi, ni nyingi mno kwa wanawake wetu, na nimewahi kuona zilizofanyiwa mazoezi ya tumbo mwaka mzima. Kujaa na kushiba upesi kwa wiki kadhaa. Tumbo linalocheza kama lina maji, miguu kuvimba, macho ya njano. Homa za jioni na jasho la usiku. Kitovu kilichotokeza na kikawa kigumu chenye maumivu, hicho ni cha siku hiyohiyo. Na kama unatumia krimu za kujichubua, sema ukweli ukifika: zile zenye steroidi kali hujenga tumbo na uso wa mviringo huku mikono na miguu ikipungua. Wewe uso umekonda, kwa hiyo sidhani, lakini msomaji mwingine asiache ghafla, aongozwe na daktari. Waliopo kwenye sindano za uzazi wa mpango au ARV na wanaona uzito unapanda, wasiache dawa pia. Wazungumze na kliniki yao.

Hospitali za rufaa za mkoa, Temeke iliyo karibu na wewe, Amana au Mwananyamala, zinaweza kukupima presha, sukari na ultrasaundi ya tumbo. Omba pia waangalie kama misuli imeachana, usipoomba inasahaulika. Fanya jaribio la vidole leo usiku watoto wakishalala. Vikizama, mazoezi ya kunyanyuka yaache kesho asubuhi. Na kama baada ya wiki nane za usingizi, kijiko cha mafuta na galoni utepe haujasogea hata sentimita moja, njoo na daftari lenye kila ulichokula siku tatu, ikiwa ni pamoja na kile cha saa nne asubuhi.